Mkalimani wa Mama

Daktari alizungumza kwa muda wa kama dakika kumi. Alichora nyuma ya karatasi, akaonyesha kwa ncha ya kalamu mahali uvimbe ulipoanzia na mahali ulipofika, akataja hatua ya tatu, akataja mionzi na dawa za dripu, kisha akanitazama ili nimweleze Mama. Nikamgeukia Mama nikasema, "Anasema una kidonda kwenye kizazi. Watakichoma mpaka kikauke."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akamshukuru daktari kwa Kiingereza chake cha maneno mawili, akaifunga leso yake upya kiunoni, tukatoka nje kwenye jua.

Hiyo ilikuwa Julai 2018, juu ya kilima cha Mulago, Kampala. Nimechelewa kuiandika habari hii kwa sababu inaanza na uongo wangu.

Kwetu nyumbani lugha ni Kiswahili. Baba alikuwa askari polisi, Mteso wa Tororo, na Mama Mlugbara wa Arua. Walipokutana hawakuwa na lugha nyingine ya kusikilizana, na sisi watoto watano tulizaliwa humo humo, kwenye kambi ya polisi ya Nsambya, ambako jirani wa kushoto alikuwa Mwacholi, wa kulia Mgisu, na chumvi ikiombwa kwa Kiswahili. Najua watu wengi wa Uganda wanakisikia Kiswahili kama lugha ya bunduki na vizuizi vya barabarani. Kwangu mimi ni lugha niliyobembelezewa nikilala.

Lakini hospitali na ofisi za Kampala huenda kwa Kiingereza na Kiganda. Kiganda cha Mama kilikuwa cha sokoni: bei, salamu na pole. Kwa hiyo tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa mkalimani wake. Nilimtafsiria mkunga usiku mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa. Nilimtafsiria mwalimu mkuu aliyekuja juu kwa ajili ya karo, na hapo pia maneno mengine niliyameza. Nilijifunza mapema kwamba anayesimama katikati ndiye anayeamua mzigo upi uvuke na upi ubaki ng'ambo.

Baba alipostaafu walihamia Malaba, mpakani, Mama akafungua kibanda cha kuwapikia madereva wa malori. Hapo ndipo damu ilipomrudia, akiwa na miaka 58, miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Alikwenda kwenye kliniki moja, akapewa vidonge vya maambukizi. Akarudi, akapewa vingine. Mara ya tatu akapewa vile vya kwanza. Katika ziara zote tatu hakuna aliyempandisha kitandani amtazame, na hilo bado linanikaba koo nikilifikiria, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi haimvamii mtu ghafla. Huchukua miaka kumi, hata ishirini, kujijenga, na katika miaka hiyo yote muuguzi mwenye siki na pamba anaweza kuyaona mabadiliko na kuyaondoa kabla hayajawa kitu. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Uganda, na Mama yangu hakuwahi kupimwa hata mara moja. Mimi msomi wake wa kwanza, niliyekuwa na kazi na simu ya intaneti, sikuwahi kumuuliza.

Kwa nini nilimdanganya? Nimejiuliza sana. Siku ile nilijiambia kwamba ni huruma. Shangazi, dada yake Baba, alinipigia simu jioni akasema nisithubutu kumwambia, kwani mtu akiambiwa hufa kwa neno kabla ya ugonjwa kumfikia. Kaka yangu aliyeko Juba alisema hivyo hivyo. Tukakubaliana wote, watoto na ndugu, kwamba neno "kansa" lisitamkwe mbele yake. Ukituuliza tungesema tunamlinda. Nikijichunguza leo naona kwamba nilikuwa nikijilinda mimi. Niliogopa kuuona uso wake wakati neno lile linaingia, na mimi ndiye niliyelitoa.

Kuna methali tunayoipenda: mficha maradhi kilio humuumbua. Kila mtu anaisema akimlenga mgonjwa anayekwepa hospitali. Sijawahi kumsikia mtu akiisema kwa ndugu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Nilikodi chumba kimoja Kamwokya ili tuwe karibu na matibabu. Ratiba ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano za mionzi, na siku moja kila wiki dripu iliyomwacha akitapika mpaka alfajiri. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka sita, nilimwacha kwa baba yake Entebbe. Alipouliza Bibi ana nini nilimwambia, "Bibi anaumwa tumbo." Mnaona jinsi uongo unavyozaa.

Wanaosubiri mionzi huwa na salamu yao ya asubuhi. Kabla ya "umelalaje" wanaulizana, "Inafanya kazi leo?" Wanaulizia mashine. Uganda nzima ilikuwa na moja tu, iliyonunuliwa mwaka 1995, na mwaka 2016 ikaharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, wengine walikaa wakingoja, na nyingine ilianza kazi mapema 2018, miezi michache tu kabla yetu. Mwanamke mmoja aliyekaa nasi kwenye benchi alikuwa ameanza matibabu yake ule mwaka wa 2016. Alituhadithia kwa sauti ya chini, akichambua maharage mapajani, habari za siku aliyofika akakuta mlango umefungwa. Tangu siku hiyo, alisema, kila asubuhi tumbo lake hukaza mpaka asikie mlio wa ndani ukianza. Watu husema hofu ya saratani ni hofu ya kufa. Niliyoiona mimi kwenye benchi lile ilikuwa ndogo zaidi na ya kila siku: mashine, nauli, tokeo la damu litakaloamua kama dripu itatundikwa leo au wiki ijayo.

Mama aliogopa kitu kingine. Aliogopa dakika ile ya mionzi, wahudumu wote wanapotoka chumbani, mlango mzito unafungwa, na yeye anabaki peke yake amelala chini ya chuma. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa Kilugbara, bila sauti, midomo tu ikicheza. Muuguzi mmoja aliniambia walikuwa wakimtazama kwenye skrini kutoka nje na walishajua kwamba ubeti wa tatu ukifika, mionzi ya siku hiyo imekwisha.

Usiku, Kamwokya, tulilala kitanda kimoja. Yeye alielekea ukutani, mimi mlangoni. Nilikuwa nikilia bafuni kwa majirani, maji ya jerikeni yakimwagika kwenye beseni ili nisisikike, kisha narudi na uso mkavu nikimuuliza kama atakunywa uji. Yeye alikuwa akijibu, "Ndiyo mama, nipe kidogo," kwa uchangamfu ambao sasa najua ulimgharimu kiasi gani. Tulikuwa watu wawili katika chumba kimoja, kila mmoja ameushika mlango kwa ndani ili mwenzake asiingie.

Mtoto ndiye aliyeufungua. Alikuwa mvulana wa kama miaka saba kutoka Luweero, taya lake la kushoto limevimba kama aliyeweka ndizi shavuni. Uvimbe wa namna hiyo una historia Mulago. Daktari Denis Burkitt aliuona kwa watoto wa pale pale akauandika mwaka 1958, ndiyo maana unaitwa kwa jina lake, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya kuutibu. Dawa zikiukubali huyeyuka haraka ajabu. Mvulana yule tulimwona Jumatatu jicho limesukumwa juu, na baada ya wiki mbili alikuwa akitafuna mahindi. Mama alimpenda. Kila asubuhi alimchemshia yai.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kununua dawa za kuzuia kutapika. Nilipokaribia nyasi walikokuwa wameketi, nilimsikia mvulana akisema kwa Kiganda, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja kijiji chake, "Nnina kookolo. Naawe?" Mimi nina kansa. Na wewe?

Mama akajibu, "Nange." Mimi pia.

Kisha akamenya yai.

Nilisimama pale na mfuko wa dawa mkononi. Akainua macho akaniona, akajua kwamba nimesikia. Hakuna aliyesema kitu. Tulirudi Kamwokya kwa miguu, polepole, akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Jioni, nilipotaka kuwasha jiko la mkaa, akapigapiga kitanda kando yake. "Mkalimani," akasema, "hebu kaa."

Aliniambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Alisoma mpaka darasa la tano. Kiingereza hakijui, lakini herufi anazijua. Aliyasoma yaliyoandikwa kwenye kibao cha nje, akayashika kichwani herufi kwa herufi, na nilipokwenda kutafuta faili akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akifagia: hili neno ni nini? Yule mama akamwambia, "Kookolo, nnyabo." Hivyo aliingia kwa daktari akiwa tayari anajua. Alinisikiliza nikigeuza dakika kumi kuwa sentensi moja. Akaamua kuniachia.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuona unavyotokwa na jasho. Nikasema, mtoto huyu akijua kwamba najua, atavunjika. Nikangoja uwe tayari."

Wiki tatu nzima Mama yangu, mwenye uvimbe uliofika kwenye kuta za nyonga, alikuwa akinilea. Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana. Naye alilia. Halafu akaniuliza maswali, mengi, mfululizo, kama mtu aliyeyapanga siku nyingi. Hatua ya tatu maana yake nini? Ziko ngapi? Itapona? Nikamweleza kila alichosema daktari, hata lile la kwamba kupona kabisa ni kwa bahati, na kwamba lengo kubwa ni kuirudisha nyuma na kumwondolea damu na maumivu. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, "Basi tupike. Nina njaa." Alikula posho, yaani ugali, na maharage, akamaliza.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Siku nyingine zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo, kwa sababu sasa hakukuwa na pa kujificha. Kulikuwa na suala la aibu. Muuguzi alipomweleza kwamba saratani hii husababishwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, Mama alikaa siku mbili bila kumpigia Baba simu. Siku ya tatu akaniuliza, macho yake kwenye sakafu, "Kwa hiyo ni yeye aliyeniletea?" Sijui kama kuna mtoto anayetaka kulijibu swali hilo. Nilirudi kwa muuguzi, nikamuuliza yeye, na safari hii nikatafsiri neno kwa neno: kwamba karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na kirusi hiki wakati fulani, kwamba miili mingi hukiondoa yenyewe, kwamba kinaweza kukaa kimya miaka ishirini, na kwamba hakuna kipimo duniani kitakachosema kilitoka kwa nani na lini. Mama alilitafakari hilo. Jioni akampigia Baba akamuuliza kama mbuzi wamenyweshwa.

Kulikuwa pia na jambo la ng'ombe. Baba alioa mwaka 1982 akabaki na deni la ng'ombe wawili wa mahari huko Arua. Miaka 36 lilikuwa jambo la utani kwenye sherehe. Lakini Mama alikuwa amewahi kuona misiba inayokwama, jeneza liko uani na wajomba wamekaa chini ya mwembe wakidai. Hakutaka kulazwa pale akisubiri watu wapatane bei. Kwa kuwa sasa neno lilikuwa limeshasemwa, aliweza kumwambia Baba wazi: lipa nikiwa hai. Baba akauza kiwanja kidogo, akalipa. Kaka zake Mama watatu wakaja Malaba kushukuru, safari ya usiku kucha na mchana kwa mabasi mawili, na wakakaa naye siku nne. Walikula pamoja, walibishana kuhusu nani alimuibia nani embe mwaka gani, walicheka kwa Kilugbara mpaka mimi nisiyekijua nikacheka. Kama tungeendelea kumficha, wajomba wale wangekutana na dada yao akiwa amefunikwa shuka.

Hata hivyo siamini kwamba kila mgonjwa aambiwe yote kwa nguvu. Jirani yetu pale Kamwokya, mzee mwenye saratani ya koo, alimwambia daktari, "Hayo mwambie mwanangu, mimi nipe dawa tu," na hiyo ilikuwa haki yake. Baadaye nilikutana na wauguzi wa Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, lile lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993 na lenye makao yake Makindye, nikaona jinsi wanavyofanya. Wanaanza kwa kuuliza: wewe mwenyewe unaelewa nini kuhusu ugonjwa wako? Ungependa kujua mengi au machache? Ungependa nani awepo? Maswali matatu mepesi. Mimi sikumuuliza Mama hata moja. Nilimchagulia.

Matibabu yaliisha Septemba. Damu ilikoma, akanenepa kidogo, akarudi kwenye kibanda chake, madereva wakafurahi. Tulipata karibu miezi tisa, na ninaitunza moyoni miezi hiyo tisa.

Iliporudi ilikuja na maumivu. Mguu wa kulia ulivimba, nyonga ikawaka moto usiku. Nikachukua likizo, kisha likizo bila malipo, nikahamia Malaba na binti yangu. Ndugu walichanga, kaka wa Juba alituma pesa kila mwezi bila kukosa na hakupiga simu hata mara moja. Nilimkasirikia sana kwa hilo. Siku moja mke wake alinieleza kwamba kila akituma pesa hufunga mlango wa chumbani na hatoki mpaka giza. Hasira yangu ilipungua, lakini haikuisha.

Watu walikuja na maneno. "Jipe moyo." "Hakuna lisilowezekana kwa Mungu." Mhubiri mmoja alimwambia aache dawa kwa sababu dawa ni kukosa imani. Mama, mwenye imani kuliko wote tuliokuwa chumbani, alimwambia amesikia, na alipoondoka akaomba kikombe chake cha dawa. Mwingine alinong'ona kwamba mpishi mwenzake amemroga kwa wivu wa wateja. Maneno haya yalimchosha mgonjwa, kwa maana kila mgeni aliyeondoka alimwacha na kazi ya kuonekana ana moyo. Aliyetusaidia kuliko wote ni jirani wa Kisamia ambaye alikuja kila siku saa kumi, akasema "mmeshindaje", akaosha vyombo vyote, akaenda zake.

Kisha ikaja harufu. Naiandika kwa sababu najua kuna nyumba ambazo sasa hivi zinaishi nayo kwa siri. Uvimbe wa mlango wa kizazi ukioza ndani hutoa harufu ambayo sabuni haiifichi. Mama, aliyekuwa akipiga pasi hata leso za jikoni, aliacha kwenda kanisani. Alimkataza mjukuu wake kupanda kitandani. Aliomba mkeka wake uhamishiwe chumba cha nyuma, na mimi nilidhani anataka utulivu. Ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, aliyeuliza moja kwa moja, bila kukunja uso, "Harufu inakusumbua?" Mama akaanza kulia kabla hajajibu. Muuguzi akatuonyesha jinsi ya kutumia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, vile vile vya kawaida vinavyouzwa kila duka la dawa. Baada ya siku chache harufu ilipungua. Jumapili moja akaomba arudishwe sebuleni, dirisha la mbele lifunguliwe, na binti yangu akapanda kitandani na viatu.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyetuletea morfini, dawa kali ya maumivu. Tangu 2004 Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba hii kuiandika, na hutolewa bure, ikiwa ya maji, kwenye chupa ya plastiki. Mama alianza na ya kijani, iliyo nyepesi, kisha ya waridi. Kila baada ya saa nne, na ya usiku maradufu ili alale mpaka asubuhi. Shangazi aliogopa kwamba morfini ni dawa ya kumalizia mtu. Nami niliogopa hivyo. Lakini siku ya tatu nilimkuta Mama ameketi akisuka nywele za mjukuu wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi miwili, na nikaelewa kwamba tulichodhani ni ugonjwa unamkunja, sehemu kubwa ilikuwa maumivu tu. Binti yangu aliiita ile chupa "soda ya Bibi." Tukaiweka juu ya kabati.

Alipokuwa akiondoka, muuguzi aligeuka mlangoni akanitazama. "Na wewe unalala?" Miezi kumi na sita nilikuwa nimeulizwa hali ya mgonjwa mara elfu. Nilishindwa kujibu. Akaweka mkoba wake chini, akaketi tena.

Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba usiku mwingine, saa nane, nikimgeuza Mama na mgongo wangu ukiuma, nilikuwa nikimwomba Mungu amchukue. Na asubuhi nikimwona akitabasamu niliona kwamba mimi ni mchawi. Muuguzi hakushtuka. Alisema karibu kila muuguzaji anayemfikia humwambia maneno hayo, wengi wakiwa wamekaa palepale nilipokaa, kwenye ngazi ya mlango. Alisema unaweza kumpenda mtu kwa moyo wote na kutaka mateso yake yaishe, na kwa kuwa mateso yamo ndani ya mtu, ombi linatoka likiwa limechanganyika. Usiku huo nililala saa tano mfululizo. Mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Mbale akashika zamu.

Mama alifariki Novemba 2019, alfajiri, Baba akiwa ameushika mguu wake kwa sababu mkono ulikuwa umeshikwa na mimi. Neno lake la mwisho nililolisikia lilikuwa la jioni iliyotangulia, nilipomlowesha midomo: "Awa'difo." Ni asante kwa Kilugbara. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Mazishi yalikuwa ya amani. Wajomba walikuja wakalia, wakazika, hakuna aliyekaa chini ya mwembe akidai.

Mwaka 2022 binti yangu alitimiza miaka kumi, na shuleni kwao wakaleta taarifa ya sindano ya kukinga HPV, kile kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, sindano ambayo serikali ilianza kuwapa wasichana wa umri huo nchi nzima mwaka 2015. Aliitandika karatasi mezani akaniuliza ni ya nini. Nilikuwa nikikata nyanya. Nilihisi jasho lile lile la Mulago likinitoka, na sentensi fupi ikijipanga mdomoni: ni ya kukupa afya njema, mwanangu.

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia kuna ugonjwa unaitwa saratani, watu wengi husema kansa. Nikamwambia mahali unapoanzia, kwamba husababishwa na kirusi, na kwamba sindano hii inamzuia kirusi huyo. Nikamwambia ndio uliomuua Bibi.

Alikaa kimya, akikunja pembe ya karatasi. "Kwa hiyo halikuwa tumbo?"

"Halikuwa tumbo. Nilikudanganya."

"Kwa hiyo mtu tumbo likimuuma hafi?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza hivyo. Ndipo akaniambia mara zote ambazo tumbo lilimuuma tangu Bibi azikwe na akanyamaza ili nisijue: ile ya embe mbichi, ile ya safari ya Jinja, ile ya usiku wa mtihani. Alikuwa akizihesabu kwa vidole. Vilipokwisha vya mkono wake wa kwanza, na karatasi ikiwa bado kwenye mkono wa pili, akauvuta mkono wangu uliokuwa na maji ya nyanya, akaendelea kuhesabu kwa vidole vyangu.